Mtambaswala na Mto Ruvuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtambaswala ni kijiji kidogo, lakini watu wanakiuliza kuliko vijiji vingi vya Kusini vinavyokizidi ukubwa. Wanafunzi wanauliza kuhusu Daraja la Umoja linalovuka Ruvuma hapa hadi Msumbiji, madereva wanauliza barabara, na watoto wa Nanyumbu waliokulia mjini wanataka kujua babu zao walivukaje mto enzi hizo. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mara. Jambo lililokwisha kuelezwa sehemu moja sikulirudia, nimeelekeza tu lilipo.

## Kijiji na mto wake

Mtambaswala iko wapi hasa?

Iko kusini kabisa mwa Wilaya ya Nanyumbu, Mkoa wa Mtwara, kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Ruvuma. Makao makuu ya wilaya ni Mangaka, kiasi cha kilomita 65 kutoka kijijini. Ng'ambo ni Negomano, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji.

Nanyumbu ilimegwa kutoka Wilaya ya Masasi, na mazoea hayafi haraka. Ukimuuliza mzee wa huku kwao ni wapi, mara nyingi atakujibu "Masasi", hata kama nyumba yake iko hatua chache kutoka mtoni. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya zamani yanayotaja mpaka wa Masasi na Msumbiji, huenda yanazungumzia eneo hilihili.

Nafikaje huko kutoka Dar es Salaam au Mtwara mjini?

Kutoka Dar unashika barabara ya Kusini, unavuka Rufiji, unapita Lindi hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, kisha unakata kulia kuelekea Masasi. Hadi Masasi ni kilomita zipatazo 600. Ukitoka Mtwara mjini, Masasi ni kama kilomita 200 kwa njia ya Mnazi Mmoja. Ipo pia njia ya juu, ya Tandahimba na Newala.

Kutoka Masasi unakwenda Mangaka. Pale barabara zinagawanyika: moja inaendelea Tunduru na Songea, nyingine inashuka kushoto hadi Mtambaswala. Zamani kipande hiki cha mwisho kilikuwa mateso matupu wakati wa masika, sasa ni lami hadi mtoni. Basi kubwa utalipata hadi Masasi. Mbele ya hapo ulizia magari madogo, na uulize asubuhi, kwa sababu jioni barabara ya kuelekea mpakani huwa tupu.

Mto Ruvuma unatoka wapi na unaishia wapi?

Unaanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea. Unasafiri kilomita zipatazo 800, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha unaingia Bahari ya Hindi kusini mwa Msimbati. Mlango wake umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000.

Eneo la Mtambaswala na Negomano ndilo linalobadilisha sura ya mto. Hapa karibu ndipo Mto Lugenda unapoingia kutoka Msumbiji. Lugenda ndiyo tawi kubwa kuliko yote ya Ruvuma, nao unatoka mbali, ukanda wa Ziwa Amaramba karibu na mpaka wa Malawi. Mito hiyo miwili ikishakutana, Ruvuma hutanuka na kujaa visiwa vya mchanga, unapita chini ya miinuko ya Newala na kulala kwenye tambarare hadi baharini. Ukisimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu, bonde unaloliona kule chini ni la mto huuhuu.

Mbona nilipofika niliona mchanga mtupu, na picha za mtandaoni zinaonyesha maji tele?

Ulifika kiangazi. Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mto hujaa hasa Februari hadi Aprili. Wakati huo maji ni ya rangi ya udongo, yanakwenda kwa kasi na yanabeba magogo mazima. Mvua ikikatika mto huanza kujikunja, na ifikapo Septemba na Oktoba hubaki mikondo michache inayozunguka mafungu ya mchanga.

Yafaa uuone mto mwezi Oktoba mapema asubuhi. Kinamama wanafukua visima vifupi mchangani, mkono ukizama hadi kiwikoni, wanasubiri maji yajichuje, kisha wanateka kwa kata na kumimina ndooni taratibu ili tope lisipande. Maji hayo ni masafi kuliko ya mkondo wenyewe, na zaidi ya yote, anayeyateka hasimami ukingoni penye mamba.

Je, kijiji hufurika?

Mashamba ya bondeni hufurika, na wakulima wanalijua hilo. Mafuriko ndiyo yanayoleta udongo mzuri wa mpunga na mboga. Taabu inakuja maji yanapochelewa kushuka au yanapopanda mara ya pili baada ya watu kupanda. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, Mtwara yote ilikaa roho juu, na wakazi wa pwani walitakiwa kuhamia sehemu salama.

## Historia

Wenyeji wa Mtambaswala ni kabila gani?

Ukanda huu ni wa Wayao, Wamakua na Wamakonde, na wote watatu wako pande zote mbili za mto. Jamii hizi kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa kwenye mambo ya ndoa, mirathi na jando. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mtambaswala anaweza kuwa na mjomba Negomano, shangazi Masasi na binamu Mueda, Msumbiji, na asione ajabu yoyote.

Wamakua na Wamakonde wengi walihamia upande huu katika karne ya 19, na wengine waliwafuata baadaye wakikimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wareno. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao, yaliongeza wimbi hilo.

Ni kweli David Livingstone alipita hapa?

Ni kweli. Alikwisha kujaribu mara mbili kuupanda Ruvuma kwa vyombo vya maji, mwaka 1861 na 1862, akakwamishwa na kina kidogo na mawe. Mwaka 1866 akaja kwa miguu. Alitia nanga Mikindani mwezi Machi, akafuata bonde la Ruvuma, na mwezi Mei alikuwa Ngomano, ndiyo Negomano ya leo, kwenye makutano na Lugenda.

Msafara wake ulikuwa na ngamia na nyati wa kufugwa, kwa sababu alitaka kuona kama wanyama hao wangehimili mbung'o. Njia zilizokuwapo zilikuwa za mtu mmoja mmoja aliyebeba mzigo kichwani. Ngamia hapiti hapo. Ilibidi kuajiri vijana wa Kimakonde wenye mashoka wakate matawi na kamba za msituni ili wanyama wapite. Hao waliofungua njia ile hawatajwi sana, na mimi naona wanastahili kutajwa.

Mwingine wa kukumbukwa ni Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Ni yeye na Abdullah Susi walioongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kifo chake mwaka 1873.

Njia ya watumwa nayo ilipita huku?

Ndiyo. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao na bonde la Ruvuma, kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwaka huo wa 1866 Livingstone alikuta njiani maiti za watu waliouawa au kuachwa kwa kuwa hawakuweza tena kutembea. Miaka 10 baadaye, 1876, Askofu Edward Steere aliwapeleka Masasi watumwa waliokombolewa wakaanzisha makazi ya misheni. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa ukanda huuhuu.

Nani aliamua kwamba mto uwe mpaka?

Wajerumani na Wareno, kwa makubaliano ya tarehe 30 Desemba 1886. Hakuna mtu wa bondeni aliyeulizwa. Kabla ya hapo mto ulikuwa mahali pa kuvukia, kuvua na kulima, na jamaa waliokaa kando zake walikuwa wa nyumba moja. Wengi wanaamini Ruvuma ndiyo iliyotenganisha makabila, lakini ukiyaangalia majina ya koo za pande mbili utaona mpaka ulichorwa juu ya watu waliokwisha kuwapo. Kuhusu Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini mwa mlango wa mto, tazama swali la mwisho.

Vita ya 1917 ilikuwaje?

Hii ni habari kubwa ambayo wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuisikia. Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana vikali Mahiwa, karibu na Nyangao mkoani Lindi. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakushindwa pale, lakini alipoteza watu asioweza kuwajaza tena, na risasi zilikuwa zikiisha. Akarudi nyuma kuelekea kusini, akawaacha wagonjwa na majeruhi, akateua askari wapatao 2,000 waliobaki na nguvu, pamoja na wapagazi.

Tarehe 25 Novemba 1917 waliuvuka Ruvuma karibu na Ngomano, maji yakiwafika kifuani, wakaivamia kambi ya Wareno. Kamanda wa Kireno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani wakapata bunduki, risasi, dawa na chakula, na kwa mali hiyo wakaendelea na vita ndani ya Msumbiji kwa miezi mingine kumi. Waliuvuka tena Ruvuma kurudi kaskazini Septemba 1918, na walisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia.

Gharama ya vita hiyo ililipwa na watu wa huku. Chakula kilichukuliwa maghalani, vijana walikamatwa kuwa wapagazi na majeshi yote, na wengi hawakurudi. Vitabu vingi husimulia werevu wa majenerali. Ukiandika insha juu ya vita hii, anza na wapagazi.

Kijiji kilihusika vipi na ukombozi wa Msumbiji?

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, mkoani Lindi, na wapiganaji, silaha na dawa vilivuka Ruvuma sehemu mbalimbali usiku. Kutoka ng'ambo walikuja wakimbizi, wengi wao kwa miguu, wakiwa na watoto mgongoni.

Vijiji vya mpakani upande wetu navyo viliumia. Vilishambuliwa, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliua watu na kuwakata miguu. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Mtwara iwe na vijiji vingi vya ujamaa mapema, mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Operesheni Vijiji ya nchi nzima: watu waliokaa pamoja walikuwa rahisi kulindwa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

## Daraja la Umoja

Wazo la daraja lilitoka kwa nani, na mbona lilichukua muda mrefu hivyo?

Lilitoka kwa Mwalimu Nyerere na Samora Machel, mwaka uleule wa uhuru wa Msumbiji, 1975. Kisha mambo yakaharibika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Msumbiji mwaka 1977, uchumi wa Tanzania ukayumba, na Samora akafa kwa ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Amani Msumbiji ilitiwa saini Oktoba 1992, na hata hapo nchi zote mbili zilikuwa na madeni na mahitaji ya karibu zaidi.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, akiwa na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji. Daraja lilijengwa na kampuni kutoka China kwa fedha za serikali zote mbili, likafunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete na Rais Guebuza. Lina urefu wa mita 720. Kwa anayeliona kiangazi urefu huo unaonekana wa kupindukia, nguzo nyingi zikiwa zimesimama mchangani. Arudi mwezi Machi.

Kabla ya daraja watu walivukaje?

Kwa mtumbwi wa gogo. Mpiga upondo husimama nyuma, anausukuma mtumbwi kwa mti mrefu unaogusa chini, na abiria hukaa chini kabisa, baiskeli ikiwa imelazwa juu ya magunia. Kiangazi wengine walitembea, maji yakiwafika magotini au kiunoni, wakifuata njia ambayo mwenyeji pekee ndiye aliyejua mchanga wake ni mgumu wapi.

Daraja limekibadilisha kijiji?

Limekibadilisha, ila polepole kuliko ilivyotarajiwa. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Negomano kwenda Mueda ilikuwa ya vumbi na tope, na malori hayapendi daraja zuri lenye barabara mbovu mbele yake. Kisha vikaja vurugu za Cabo Delgado (tazama swali la usalama). Hata hivyo lami imefika, ofisi za forodha na uhamiaji zipo, na mgonjwa anaweza kukimbizwa Mangaka au Masasi hata katikati ya masika. Kwangu mimi hilo la mgonjwa linazidi hesabu za malori.

## Maisha ya kila siku

Watu wanaishi kwa kazi gani?

Korosho kwanza. Kuanzia Juni utasikia mashine za kupulizia salfa mashambani, na mavuno huanza Oktoba. Wakulima huuza kupitia vyama vya msingi chini ya MAMCU, chama kikuu cha ushirika cha Masasi na Mtwara, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka mzigo, hupimwa, kisha husubiri mnada na malipo.

Kusubiri huko ndiko kunakoilisha kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo huo. Mama mwenye mtoto mgonjwa au karo ya shule mwezi Agosti hana muda wa mnada wa Oktoba. Anakuja mtu na bakuli lake, anachukua korosho ambazo bado ziko mtini kwa bei ya kutupa. Serikali inakataza na watu wanakamatwa, lakini mkopo mdogo wa haki wa mwezi Agosti ungeiua kangomba haraka kuliko doria.

Mazao mengine ni ufuta, mbaazi, choroko, karanga, mtama na muhogo, na bondeni mpunga na mboga. Chakula kikipungua, watu huingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa. Wa mjini wanaila kama kitafunwa, huku imeokoa familia miaka ya njaa.

Mamba na tembo ni tishio kweli?

Kweli kabisa. Mamba huwapata wanaoteka maji, wanaofua na wanaooga, na viboko huharibu mpunga. Usioge mtoni kwa kuwa umeona watoto wa kijiji wanaoga: wao wanajua ni sehemu gani na saa ngapi.

Tembo huvuka kutoka Hifadhi ya Niassa iliyo ng'ambo, na upande wetu Nanyumbu ina Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule. Wakulima hulala madunguni, hugonga madebe na huchoma pilipili. Mazao yakiliwa, sheria inatoa kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kuuawa, kifuta machozi. Toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori aje kuhakiki wakati alama za nyayo bado zipo. Ukisubiri wiki mbili, huna ushahidi.

Hali ya usalama ikoje?

Mashambulizi ya wanamgambo Cabo Delgado yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara Vijijini, nacho kilishambuliwa na watu wakauawa. Kitaya iko kwenye Ruvuma hiihii, lakini mbali kuelekea baharini. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa bonde zima. Ukifika Mtambaswala kama mgeni, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na uwe na kitambulisho. Kabla ya kuvuka, uliza hali ya barabara ya ng'ambo siku hiyohiyo.

## Kuvuka mpaka

Nahitaji nini ili nivuke darajani?

Hati ya kusafiria. Mtanzania hahitaji viza kwa ziara fupi Msumbiji. Gonga muhuri pande zote mbili, na kama una gari, hakikisha karatasi zake za forodha na bima zimekamilika kabla hujaondoka Masasi, maana mtoni hakuna pa kuzitengenezea. Kuvuka kwa mtumbwi bila kupita uhamiaji ni kosa, hata kama mwenyeji wako anakwambia "hapa kila mtu anavuka".

Kuna mabadiliko gani nikifika ng'ambo?

Saa hurudi nyuma kwa saa moja, fedha ni metikali, na lugha ya ofisini ni Kireno. Magari yanabaki kushoto kama kwetu. Kiswahili, Kimakonde, Kimakua na Kiyao vitakutosha kwa chakula na malazi.

## Maswali ya pembeni

Daraja la Umoja ndilo Daraja la Mkapa?

Hapana. Daraja la Mkapa liko Rufiji, mkoani Pwani, lilifunguliwa mwaka 2003 na lina urefu wa mita 970. Mkanganyiko unatokana na Mkapa kuhusika na yote mawili.

Ngomano na Negomano ni mahali pawili?

Ni eneo moja, maandishi tofauti. Vitabu vya vita na vya Livingstone huandika Ngomano, nyaraka za Msumbiji huandika Negomano.

Ni kweli nchi yetu iliwahi kuwa na ardhi kusini mwa Ruvuma?

Ni kweli, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1894 waliichukua Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini mwa mlango wa mto, karibu na bahari. Wareno waliirudisha mikononi mwao mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mto ulikuwa mpaka hadi baharini. Kionga iko mbali sana na Mtambaswala, kwa hiyo anayekwambia kwamba Negomano iliwahi kuwa ya Wajerumani anachanganya ncha mbili za mto mmoja.